Vidonge vya maumivu ya jino vinapozaa uraibu

MAUMIVU ya jino hayana mzaha, na aliyewahi kukesha akishikilia shavu hahitaji kuelezwa. Hata hivyo, dawa anayopewa mgonjwa baada ya kung'olewa gego yaweza kumwachia balaa kubwa kuliko jino lenyewe, jinsi ilivyodhihirika nchini Marekani.

Dawa zenyewe ni za jamii ya afyuni, zikiwemo kodeini, haidrokodoni, oksikodoni na tramadoli. Hufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, sawa na heroini ambayo imewaharibia maisha vijana wengi katika Pwani ya Kenya. Mbali na kutuliza maumivu, huweza kumpa mtumiaji hisia ya raha, na hapo ndipo uraibu huanzia.

Kwa miaka mingi, madaktari wa meno na wale wa upasuaji wa kinywa nchini Marekani waliziandika dawa hizi kama jambo la kawaida. Mwaka 2009, miongoni mwa matabibu wote, wao ndio waliowaandikia zaidi vijana wa kati ya miaka 10 na 19, wakichangia takriban asilimia 31 ya dawa za aina hiyo zilizoandikiwa rika hilo. Sababu moja ni kwamba magego ya mwisho aghalabu hung'olewa katika umri wa ujana.

Tofauti na mataifa mengine ni kubwa mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha Marekani na Uingereza, eneo la England, kwa takwimu za mwaka 2016. Nchini Marekani, asilimia 22.3 ya dawa zote zilizoandikwa na madaktari wa meno zilikuwa za jamii ya afyuni. Huko England zilikuwa asilimia 0.6 pekee. Si kwamba meno ya Waingereza hayaumi. Madaktari wao wa meno waliruhusiwa kuandika dawa moja tu ya jamii hiyo, daihaidrokodeini.

Nchini Marekani, tabibu alihofia mgonjwa asije akateseka usiku au wikendi kliniki ikiwa imefungwa, hivyo akaongeza idadi ya vidonge. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walibainisha mwaka 2016 kuwa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kung'olewa jino alipewa wastani wa vidonge 28, na zaidi ya nusu havikutumika. Vidonge vya aina hiyo vikisalia kabatini, huweza kuokotwa na mtoto, jamaa au mgeni.

Madhara yake yamepimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwachunguza vijana wa miaka 16 hadi 25 ambao walipewa dawa hizi kwa mara ya kwanza na matabibu wa meno mwaka 2015. Katika muda wa mwaka mmoja, asilimia 5.8 yao walihudumiwa hospitalini au kliniki kwa tatizo la matumizi mabaya ya dawa hizo, ikilinganishwa na asilimia 0.4 ya wenzao ambao hawakupewa.

La kusikitisha ni kwamba mara nyingi hatari hiyo haikuwa ya lazima. Maumivu ya baada ya kung'olewa jino hutokana na uvimbe, na ibuprofeni huukabili uvimbe wenyewe. Ikitumiwa pamoja na parasetamoli, hutuliza maumivu hayo sawa na dawa za afyuni au hata kuzishinda, pasipo kuleta uraibu.

Ndiposa mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kikaunga mkono dawa za afyuni za maumivu makali ya muda mfupi zisizidi siku saba. Mwongozo uliotolewa mwaka 2024 kwa vijana na watu wazima ulizitaja ibuprofeni na dawa za jamii yake, peke yake au pamoja na parasetamoli, kuwa chaguo la kwanza.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Amweleze daktari mapema iwapo ana vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito, kwa kuwa ibuprofeni haimfai kila mtu. Akiandikiwa dawa ya jamii ya afyuni, aulize ni ya siku ngapi na kama kuna mbadala. Vidonge vitakavyosalia avirejeshe kwa mfamasia, wala asimgawie jirani anayelalamikia jino.