Nani alistahili malipo ya ulemavu Kaniama?

Reli ndiyo iliyoleta mshahara Kaniama. Kampuni ya BCK, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga njia kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, na mwaka 1928 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji akaizindua. Tangu hapo mji huu wa Kongo ulio kati ya Kamina na Mwene-Ditu umekuwa na watu wa reli na watu wa serikali: makarani, walimu, wauguzi. Hununua unga soko moja. Lakini siku mwili ukikataa kazi, kila mmoja hufuata sheria yake.

Kazi ya kuunganisha mabehewa inaeleza vizuri hatari iliyokuwepo. Mtu husimama katikati, mabehewa yakisogeleana, akingoja chuma kigonge chuma. Akichelewa kuondoa mkono, vidole vimekwenda.

Kumkinga mtu kama huyo halikuwa wazo geni: Ujerumani ilikuwa na sheria ya bima ya ulemavu na uzee tangu 1889. Mfanyakazi Mwafrika wa Kongo alisubiri dekreti ya fidia ya ajali za kazini hadi 1949, na ile ya pensheni hadi 1956. Miaka 60 mizima ilipita huku watu wakiumia kwenye migodi na reli. Kuchelewa huko hakukuwa bahati mbaya. Mtu aliyehesabiwa kuwa nguvu ya kazi tu hakuandaliwa maisha ya baada ya kazi.

Baada ya uhuru, dekreti-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunganisha Mfuko wa Ulemavu, mfuko wa pensheni na ule wa posho za familia, ikazaliwa INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii. Watu wa reli, ambayo mwaka 1974 iligeuzwa kuwa shirika la taifa, SNCC ya leo, waliingia humo. Utaratibu wake ulitenganisha mambo mawili. Aliyeumia kazini alipimwa kwa asilimia: chini ya 15, alipewa malipo ya mara moja, kuanzia 15, malipo ya kila kipindi. Aliyeugua nje ya kazi alitakiwa awe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, tena awe na miaka ya michango nyuma yake.

Kwa karani wa serikali hapakuwa na mfuko. Sheria ya watumishi ya mwaka 1981 ilimwacha mikononi mwa hazina, na hazina hulipa inapokuwa na fedha. Oktoba 1993, sarafu ilipobadilishwa, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Mstaafu mlemavu aliyekuwa amepangiwa kiasi fulani alibaki na karatasi yenye muhuri na fedha isiyotosha kununua sabuni. Reli nayo ilidhoofika, mishahara ikachelewa, na wazee wa SNCC wakaishi wakidai haki zao za mwisho.

Ndiyo maana katika historia hii jeraha lenyewe halikutosha kumpa mtu haki. Kilichoamua ni mwajiri wake na faili lake: barua ya kuajiriwa, namba ya matrikule, cheti cha daktari, uthibitisho kwamba michango iliyokatwa ilifika kweli. Mwalimu aliyepooza akiwa Kaniama hana nguvu ya kufuata karatasi iliyokwama Kinshasa, na hilo ni dhuluma hata pale sheria ilipoandikwa vizuri.

Mabadiliko yamekuja karibuni. Dekreti ya Desemba 2015 iliunda CNSSAP, mfuko wa watumishi wa serikali. Julai 2016 zikatoka sheria mpya ya watumishi na sheria ya hifadhi ya jamii iliyofungua njia ya INSS kugeuzwa kuwa CNSS. Julai 2022 watumishi wa serikali wakapata sheria yao maalumu, inayotambua uzee, ulemavu, warithi na hatari za kazi. Kwa kulinganisha, Tanzania iliunganisha mifuko yake ya utumishi wa umma kuwa mfuko mmoja, PSSSF, mwaka 2018. Huko kuchangia si jambo jipya. Kongo, kinyume chake, ilikuwa ndiyo kwanza ikiwatoa watumishi wake kutoka kwenye ahadi ya hazina na kuwaingiza kwenye mfuko.

Haut-Lomami, ilimo Kaniama, ilipokuwa mkoa mwaka 2015, makao makuu ya mkoa yalisogea kutoka Lubumbashi hadi Kamina. Kwa mgonjwa wa Kaniama bado ni safari ya treni isiyo na ratiba ya kutegemewa, na atakayehitaji kupimwa hawezi kutuma mwili wake kwa posta. Madaktari wa kupima ulemavu wakipangiwa siku za kufika Kaniama wenyewe, sheria ya 2022 itaanza kumfikia.