Waliobaki nyumbani: bibi za asikari wetu wakati wa vita mbili za wazungu

Mu Bukavu kila mtu anajua Kambi Saio. Tunapita pale, tunaonyesha wageni njia kwa jina lake, lakini ukiuliza kijana Saio ni nini, atakujibu: ni kambi tu. Saio ni mji wa mbali sana, mu inchi ya Ethiopia. Leo wanauita Dembidolo. Pale, tarehe 3 julai 1941, jenerali Gazzera wa Italia aliweka silaha chini mbele ya asikari wa Force Publique. Ku masomo walitufundisha ushindi ule na majina ya wakubwa wazungu. Juu ya wale waliobaki nyumbani, hata mstari mmoja. Wazee wanawake waliotusimulia mambo haya wamekwisha kutuacha karibu wote. Ndiyo maana tunaandika.

Kwanza tuondoe kosa moja. Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba tangu zamani bwana anaenda vitani na bibi anangojea. Kwa asikari wa Leta haikuwa vile. Wakati wa Leopold II bibi alifuata. Msafara wa Dhanis, ule ambao asikari wake waliasi mu mwaka wa 1897 kule kaskazini-mashariki, ulikuwa na wanawake na watoto wengi nyuma ya bunduki. Wao walibeba vyungu, walitafuta kuni, walipika, walizalia njiani. Asikari aliandikwa kwa miaka 7. Miaka 7 bila nyumba, nani angekubali? Leta yenyewe ilijua kwamba asikari mwenye bibi hakimbii upesi. Basi kungojea, kwa njia ile tunayoijua leo, kulikuja nyuma.

Lakini wamama wetu hawakuanza bila kujua kitu. Kwa makabila mengi ya kwetu, kungojea ilikuwa kazi yenye sheria zake, na sheria zile zilitoka kwa wawindaji. Bwana akiwa porini, bibi yake alikuwa na miiko: asigombane na majirani, asilale na mwanaume mwingine, moto wa nyumba usizimike ovyo. Akivunja, nyama inapotea, ao mkuki unarudia mwenyewe. Wengine watasema ni mambo ya kishenzi ya kufunga wanawake tu. Kweli, mzigo wote ulikuwa juu ya bibi, na mwindaji akikosa nyama alipata haraka mtu wa kusingizia. Lakini tuone na upande wa pili: mwiko ulimpa yule aliyebaki sehemu mu safari. Hakukaa bure. Kila asubuhi alikuwa na kitu cha kufanya kwa ajili ya yule asiyeonekana.

Tena uwindaji unamalizika. Siku tatu, juma mbili, mtu anarudi. Vita ya wazungu haikuwa vile.

Mu 1916 majeshi ya jenerali Tombeur yalivuka kutoka huku kwetu Kivu na kutoka Tanganyika, yakaingia Kigali mu mwezi wa mei, Kigoma mu julai, na Tabora tarehe 19 septemba. Mu miji yetu mingi kulikuwa avenue Tabora. Watu walikaa juu yake bila kujua sababu. Asikari walikuwa wachache kuliko wapagazi. Mu vita nzima wanahesabu wapagazi zaidi ya 200 000 waliokamatwa mu Kongo. Asikari jina lake liliandikwa mu kitabu cha kambi. Mpagazi, mara nyingi, alitoka tu shambani na kamba mkononi. Akifa njiani kwa tumbo ao kwa baridi ya milima, nani alikuja kuambia bibi yake?

Hapa ndipo shida kubwa, na tunaomba msomaji asipite mbio. Kwetu kilio kinaanza na maiti. Bila maiti, hakuna matanga. Bila kumaliza matanga, bibi si mjane, wala hana bwana. Hawezi kuolewa, ndugu za bwana hawawezi kumurizi, shamba halina mwenyewe. Mu inchi hizi za migomba, pahali pengi walikata shina la mgomba, wakalifunga mu nguo, wakalizika kama mtu, na kilio kikalia. Walioona wametuambia kwamba wanawake walililia mgomba ule kwa machozi ya kweli. Lakini ngumu ni hii: siku gani ya kukata mgomba? Ukikata mapema, unaua mtu aliye hai. Familia zilibishana miaka. Mama wa marehemu mara nyingi ndiye aliyekataa, na bibi kijana akazeeka mu kukataa kwake.

Vita ya pili ilikuta mambo mengine. Sasa kulikuwa makambi ya kweli, yenye nyumba mistari mistari. Mu 1941 batayo zilipandishwa kwa njia ya Aba mpaka Juba, halafu mtoni Nil, kuelekea Ethiopia. Safari hii bibi hakufuata. Wengine walibaki kambini na posho yao, wengine walirudi kwa wazazi na kasha la bati kichwani. Kambini walisaidiana: aliyezaa alipikiwa na jirani, hata kama lugha zao hazikusikilizana, na Lingala ama Kiswahili cha kambi kikawa lugha ya watoto. Barua zilikuwa shida. Asikari hakujua kuandika, bibi hakujua kusoma. Karani aliandika kule, katekista ao mwalimu alisoma huku. Fikiri neno la nyumba linapita mu vinywa vya watu wawili, tena na macho ya wakubwa wa jeshi. Ndiyo maana barua nyingi zilikuwa salamu tu: salamu kwa mama, salamu kwa mbuzi.

Mu 1942 Leta ilipandisha kazi ya lazima ya vijijini kutoka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka, juu ya vita: mupira, pamba, mawese. Sheria iliandikwa juu ya wanaume. Lakini aliyerudi kwa wazazi wake anajua majembe yalikuwa mu mikono gani, na nani alilisha wazee wakati wanaume walikuwa porini wakikata mupira.

Na mambo ya kuchekesha hayakukosa, ikiwa mtu anaweza kuyacheka. Kutoka mwisho wa 1942 brigade moja ilipelekwa Nigeria, halafu Misri na Palestina. Nyumbani walisali kila jioni juu ya risasi. Kule asikari wetu hawakupiganishwa, walilinda vitu. Wakati huohuo waganga na wabebaji wa wagonjwa walikuwa kweli mu moto, mbali Burma, na nyumbani hakuna aliyejua Burma iko upande gani. Mmoja wao, Albert Kunyuku, alivikwa nishani na mfalme Philippe mu Kinshasa mu mwezi wa juni 2022, nyuma ya miaka karibu 80.

Brigade ya Palestina ilirudi mwisho wa 1944. Wazee wanawake walipotusimulia siku za kurudi, hawakuanza na ngoma. Walianza na watoto. Yule aliyeachwa mgongoni sasa alikuwa anakimbia mu uwanja. Mwanaume mwenye kofia alisimama mlangoni, akamwita kwa jina. Mtoto akakimbilia nyuma ya nyumba kutafuta mjomba, akimwambia kwamba kuna mgeni, anamuulizia mama.