Mnyama Anayejua Kugoma

Siku hizi huko Uingereza watu wanalipa kutembezwa mashambani na lama. Unashikishwa kamba, mwongozaji anatangulia, mnapanda vilima pole pole. Poa kabisa. Lakini mimi nikiona picha hizo, nakumbuka Potosí, Bolivia.

Lama ni wa ukoo mmoja na ngamia wetu wa Marsabit. Kwenye milima ya Andes aliwabebea Wainka mizigo, na Wahispania walipoanza kuchimba madini ya fedha Potosí mwaka wa 1545, akabebeshwa hayo pia. Kiasi chake ni kama kilo 30. Ukizidisha, anapiga magoti, anatema mate, haendi ng'o.

Binadamu hawakuwa na nafasi hiyo. Miaka ya 1570, mtawala Francisco de Toledo alichukua mita, kazi ya zamu ya enzi za Wainka, akaitumia kujaza migodi. Wanaume walitolewa vijijini kwa lazima, wakatembea wiki nyingi na familia zao, lama wakibeba chakula. Wengi hawakurudi.

Kwa hivyo ukishikishwa ile kamba, tembea, piga selfi. Lakini lama akipiga magoti njiani, usimvute. Anatumia haki ambayo wale wa Potosí walinyimwa.