Pink Floyd Pompeii: Mikebe mitano iliyoirudisha filamu ya 1972 katika ubora wa 4K

Uwanja mkubwa wa mawe, jua linawaka, spika zimepangwa chini, na mashabiki hawapo. Hivyo ndivyo bendi ya Uingereza, Pink Floyd, ilivyopiga muziki Oktoba 1971 kwenye magofu ya Pompeii, Italia, mji uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo.

Tamasha hilo lisilo na watazamaji lilitoka kama filamu mwaka 1972, chini ya mwongozaji Adrian Maben. Mwaka 2025 filamu hiyo ilirudi ikiwa imesafishwa kwa ubora wa 4K, kwanza kwenye majumba ya sinema, kisha kwenye diski za Blu-ray za kutazama nyumbani.

Lakini picha ya zaidi ya miaka 50 inawezaje kuonekana vizuri kwenye TV ya leo?

Kumbe mkanda haukuwa na ukungu

Wengi hudhani picha za miaka ya 70 ni hafifu kwa sababu kamera zilikuwa duni. Sivyo. Filamu hii ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35, ule ule wa sinema kubwa, na mkanda huo unabeba mambo mengi kuliko DVD inavyoweza kuonyesha.

Ukungu ulikuja baadaye, kwa kunakili. Nakala inatoa nakala nyingine, nayo inatoa nyingine, na kila hatua inakula kitu kidogo. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi.

Hesabu ni hii: DVD ya mfumo wa Ulaya ina takriban pikseli 400,000 kwa kila picha. HD kamili ina kama milioni 2. 4K ina zaidi ya milioni 8. Ukiijaza nafasi hiyo kwa nakala iliyochoka, unachopata ni ukungu mkubwa zaidi.

Mikebe mitano

Ndiyo maana kazi nzima ilitegemea kupatikana kwa negativu, yaani ule mkanda wenyewe uliopita ndani ya kamera kule Pompeii.

Ilipatikana kwenye hifadhi ya Pink Floyd wenyewe, ndani ya mikebe mitano ambayo maandishi yake ya nje hayakueleweka vizuri. Humo ndimo ilimokuwa negativu ya toleo la 1972, ikiwa tayari imekatwa na kuunganishwa kama filamu.

Kazi ilifanyikaje?

Usimamizi ulikuwa wa Lana Topham, mkuu wa urejeshaji wa kazi za bendi hiyo. Mkanda uliskaniwa kwa 4K, kisha kila fremu ikakaguliwa na kurekebishwa, na rangi zikaongezewa uhai.

Si kazi ya siku mbili. Sinema hutumia fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja tu ni fremu 86,400.

Kitu kimoja waliamua kutokigusa sana: zile chembechembe ndogo zinazoonekana kwenye picha. Chembechembe hizo ndizo zinazoibeba picha yenyewe. Programu ikizifuta kupita kiasi, ngozi ya mtu inakuwa kama plastiki, na vumbi la Pompeii linapotea pamoja na uchafu wa mkanda.

Upande wa sauti alipewa Steven Wilson, mwanamuziki anayefahamika kwa kuchanganya upya sauti za rekodi za zamani za rock. Alitengeneza miksi ya spika za kuzunguka chumba, pamoja na ya Dolby Atmos.

Kilichoteketea hakirudi

Stori hii ina upande mchungu. Maben aliwahi kueleza kwamba zaidi ya mikebe 500 ya picha ambazo hazikutumika iliteketezwa kwenye ghala nchini Ufaransa, ili kupata nafasi ya filamu mpya.

Pengo lake linaonekana. Kwenye wimbo One of These Days, kamera inamng'ang'ania mpiga ngoma Nick Mason karibu muda wote. Kwa maelezo ya Maben, mikanda iliyowaonyesha wenzake ilipotea. Hakuna 4K itakayowarudisha.

Mwaka 2003 ilitoka DVD yenye toleo la mwongozaji, iliyoongezewa picha za kompyuta za Pompeii ya kale. Toleo la 2025 limepita njia nyingine: kuonyesha kilichopigwa, kwa usafi wote kinaoweza kuwa nao.

Kabla hujalipia filamu ya zamani

Usidanganyike na neno "4K" kwenye jalada. Angalia mambo matatu:

- Imeskaniwa upya kutoka negativu, au imekuzwa tu kutoka nakala ya zamani?
- Ni toleo lipi: la kwanza, au lililoongezewa vitu baadaye?
- Sauti imefanyiwa kazi, au ni picha peke yake?

Kama muuzaji hasemi picha ilitoka wapi, basi huenda unalipia pikseli nyingi zisizo na kitu ndani. Filamu ya Pompeii imepona kwa sababu mikebe mitano haikutupwa. Ile 500 na zaidi haikuwa na bahati hiyo.