Njia ya Kuhara Damu, Kutoka Rusumo Hadi Benaco

Chini ya Daraja la Rusumo Mto Kagera unanguruma kwenye maporomoko, na ng'ambo ya Tanzania barabara inapanda kuelekea Benaco, wilayani Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka hapa wakikimbia kuokoa maisha yao, wakapiga kambi Benaco. Nimeifuata njia yao nikiwa na nia ya kumwelewa adui aliyewaandama: bakteria wa kuhara damu, Shigela disenterie aina ya 1.

Mjapani Kiyoshi Shiga alimgundua mwaka 1897. Mwaka 1979 alizuka mashariki mwa Zaire, akaenea Rwanda, Burundi na magharibi mwa Tanzania, huku dawa moja baada ya nyingine ikishindwa kumuua. Kambi iliyosongamana, yenye maji haba na vyoo vichache, ndiyo makao anayoyapenda, kwani bakteria wasiofika 100 wanatosha kumwangusha mtu.

Sehemu ya nguvu yake imo katika gamba lake. Tabaka la nje la ukuta wake limejaa lipopolisakaridi, yaani mafuta yaliyoungana na sukari. Mwaka 1892 huko Berlin, Richard Pfeiffer alionyesha kuwa vimelea vya kipindupindu hudhuru hata vikiwa vimekufa, kwa kuwa sumu ni sehemu ya miili yao. Zaidi ya miaka 100 ikapita. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler, Marekani, likaonyesha kwamba seli za kinga huyatambua mafuta ya lipopolisakaridi, ambayo ndiyo sumu hiyo, kwa kipokezi kiitwacho TLR4. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Kipokezi kikiyanasa mafuta, homa hupanda na chembe nyeupe za damu humiminika penye vita. Katika utumbo mpana vita hivyo huuchubua ukuta wenyewe, mgonjwa akatoa kamasi na damu. Kinga inayomwokoa ndiyo pia inayomjeruhi.

Sukari nayo ina kazi yake. Kingamwili huitambua aina ya bakteria kwa sukari hiyo, kama mfugaji amtambuavyo ng'ombe wake kwa chapa. Aliyepona aina moja hupata kinga dhidi ya aina hiyo, lakini nyingine ikija humkuta hana ngao. Hiyo ni sababu mojawapo ya chanjo ya shigela kuchelewa kufika katika zahanati zetu.

Katika kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Goma, mashariki mwa Zaire, Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu viliwaua wengi kati ya watu karibu 50,000 waliokufa katika mwezi wa kwanza. Ngara haikufikia maafa ya kiasi hicho. Basi tusisubiri chanjo: tuchimbe vyoo, tutibu maji, tunawe kwa sabuni, na anayehara damu afikishwe zahanati siku hiyohiyo.