Asante: umefanya vyema

Katika makanisa mengi ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, yakiwemo ya kata ya Kibingo, ibada ya Jumapili ikiisha watu hawatawanyiki. Nje huanza mnada wa sadaka: mkungu wa ndizi, kuku, maharage, mayai. Huitwa sadaka ya shukrani, na shukrani ni neno tulilolipata katika Kiarabu.

Linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni asante. Chimbuko lake ni ahsanta ya Kiarabu, yaani umefanya vyema. Tumelizoea hata tukalitia -ni, asanteni, kama kitenzi chetu wenyewe. Wahaya, majirani wa Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, husema wakola: umefanya, umetenda. Kiarabu na Kihaya, lugha mbili zisizo na undugu, zimefika mahali pamoja! Anayeshukuru haelezi hali ya moyo wake. Anamtaja mtenda na kazi yake.

Kwa Mkristo hili ni zito. Mama aliyeleta mkungu ndiye aliyepalilia, akapunguza machipukizi, akatandaza nyasi shinani. Jasho ni lake. Bado anasimama mbele ya madhabahu na kumwambia Mungu: umefanya vyema. Simwoni akijidharau. Ekaristi yenyewe, kwa asili ya Kigiriki, maana yake ni shukrani, na huadhimishwa kwa mkate na divai, vitu vilivyopita kwanza mikononi mwa mkulima.

Mnunuzi wa mkungu ule akishalipa, huubeba begani. Jioni zitamenywa ndizi, zipikwe na maharage, na kabla ya tonge la kwanza neno litasemwa tena.