Chukua Fungu Lako, Pitisha Linalobaki

Mkanda wangu wa kwanza wa taa uliungua Jumamosi usiku, kwenye chumba changu cha kupanga Machakos mjini, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeweka akiba miezi mitatu, pesa za kuhariri video za harusi za watu, nikiunda kompyuta kipande kwa kipande: bodi kuu, kadi ya picha, feni, kasha lenye kioo ubavuni. Taa zilikuwa za mwisho. Nilizinunua Luthuli Avenue, Nairobi, kwa mita, zikiwa na nyaya tatu tupu bila plagi. Kwenye bodi nikaona pini nne zilizoandikwa RGB, nikasema si ndizo hizi? Nikachomeka, nikawasha. Mkanda ukatoa mwanga mmoja mkali kama radi, kisha giza, kisha ile harufu ya plastiki iliyoungua.

Jumatatu nikaupeleka kwa fundi mmoja karibu na steji. Aliutazama, akacheka. "Kijana, umempa mtoto mchanga chakula cha mzee. Huu ni wa volti tano. Wewe umeupa kumi na mbili." Halafu akaongeza jambo ambalo siku hiyo sikulielewa: "Na hizi taa si kama zile za kawaida. Hizi hupitishiana."

Fundi huyo hakujifunzia taa kwenye kompyuta. Alijifunzia kwenye matatu, enzi zile kabla ya sheria za Michuki kuanza kufanya kazi Februari 2004, zikaleta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Umeme wa gari nyingi ni volti kumi na mbili, na taa za nganya za wakati huo zilikuwa na akili moja tu: ukibonyeza swichi, zote zinawaka, ukiachilia, zote zinazima. Taa za kwanza za rangi kwenye kompyuta zilikuwa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati sisi tukilipa kwa dakika kwenye cyber mbele ya masanduku ya rangi ya kijivu, vijana wa ng'ambo walikuwa wanakata dirisha kwenye kasha na kuweka ndani mirija ya kioo iliyotoa mwanga wa buluu au kijani. Mirija hiyo ilihitaji kifaa cha kupandisha volti, na ilivunjika ovyo. Rangi uliyonunua ndiyo uliyokaa nayo.

LED ndogo tayari zilikuwepo, lakini kwa miaka mingi hazikuwa na rangi zote. Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu mwaka 1962 akiwa General Electric, Marekani. Kijani na manjano zikafuata. Buluu ikagoma. Na bila buluu hupati nyeupe, wala zambarau, wala hizo rangi nyingine zote zinazotoka kwa kuchanganya tatu. Mpaka miaka ya tisini ndipo Shuji Nakamura, akifanya kazi katika kampuni ya Nichia huko Japani, akatoa LED ya buluu yenye mwanga wa kutosha, akijenga juu ya njia ambayo Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walikuwa wameifungua. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kila feni inayong'aa kwenye kasha la mtu leo inadaiwa na buluu ile.

Rangi tatu zilipokutana, watengenezaji wa kompyuta wakaweka kwenye bodi zile pini nne zilizoniponza: moja ya volti kumi na mbili, tatu za nyekundu, kijani na buluu. Hapo unaweza kuchagua rangi yoyote, lakini mkanda mzima unavaa sare. Taa ya kwanza ikiwa nyekundu, ya mwisho ni nyekundu. Kama shule ya bweni, yaani.

Kilichobadilisha mambo ni chipu ndogo ya kampuni ya Worldsemi ya Uchina, iitwayo WS2812, iliyofichwa ndani ya taa yenyewe. Watu wengi wanadhani kila taa ina anwani yake, kama namba ya nyumba. Haina. Taa hiyo haijui jina lake wala haijui wenzake wako wangapi. Inajua kitu kimoja: ujumbe ukifika kwenye waya wa data, chukua biti 24 za kwanza, hizo ni zako, nane kwa kila rangi; zinazobaki, mpe jirani. Jirani naye anachukua 24 zake, anapitisha. Kila taa hutumia kama mikrosekunde thelathini kwa kazi hiyo, yaani sehemu thelathini kati ya sehemu milioni moja za sekunde, kwa hiyo mkanda wa taa 60 unapata ujumbe wote kabla sekunde moja haijafika hata sehemu yake ya mia tano. Kisha waya unanyamaza kidogo. Ule ukimya ndio amri: kila moja ionyeshe ilichopewa.

Hapo ndipo nilipoelewa neno la fundi, na nilielewa kwa sababu mimi ni Mkamba. Kwetu kazi kubwa hufanywa kwa mwethya, watu wa kijiji kushika jembe pamoja. Ndivyo milima ya Machakos ilivyopata matuta yake, ikiwemo aina ile inayojulikana hata ng'ambo kwa jina la Kiswahili, fanya juu. Ukiwa kwenye mstari wa kupitisha mawe, huhitaji ramani ya kazi nzima. Unahitaji kujua jiwe lipi ni lako, na mikono ya kumfikia aliye mbele yako.

Lakini Machakos hiyo hiyo inajua pia ladha ya kupitwa. Waingereza walikuwa na kituo chao hapa kabla Nairobi haijawa mji. Kisha reli ikapita kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ofisi za utawala zikahama kuifuata. Stima nayo ikawa na tabia ile ile. Mwaka 1922 kampuni ya umeme ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana kuwa East African Power and Lighting, na nyaya zikaelekea kwenye pesa: bandari, miji, viwanda, mashamba ya walowezi.

Susu wangu ameolewa upande wa Masinga, na bwawa la Masinga lilifunguliwa mwaka 1981. Ukitazama mto Tana pale, utaona mkanda wa taa uliotengenezwa kwa maji. Yakitoka Masinga yanashuka Kamburu, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, mpaka Kiambere. Kila bwawa linakamua umeme wake kwenye maji yale yale, kisha linayaachia yaende kwa jirani. Mpangilio safi kabisa, isipokuwa kitu kimoja: nyumba ya Susu haikuwa kwenye orodha. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipika kwa mwanga wa koroboi huku nguzo za chuma zikipita juu ya shamba la jirani, zikibeba stima kwenda kwa wengine. Watoto wake walisoma na moshi puani. Stima ilimfikia baada ya mradi wa Last Mile kuanza mwaka 2015. Umeme ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kusema fungu hili ni la hapa.

Sasa, kuoanisha taa kwenye kompyuta kuna siasa ya namna hiyo hiyo. Kwenye waya, taa za volti tano za kampuni nyingi huongea lugha moja au zinazokaribiana sana. Ugomvi uko mlangoni. ASUS wana Aura Sync, MSI wana Mystic Light, Gigabyte wana RGB Fusion, Corsair wana iCUE, na kila mmoja anataka programu yake ndiyo ishike mwanzo wa mkanda. Mtu anayeunda mashine kwa vipande vya kuokoteza, kama wengi wetu, anajikuta na programu tatu zinazogombania feni nne. Moja inasema nyekundu, nyingine inasema upinde wa mvua. Watu wa programu huria walichoka mapema, wakachambua jinsi bodi hizi zinavyoongea, wakaandika OpenRGB inayotawala vifaa vya kampuni mbalimbali kutoka sehemu moja. Mwaka 2023 Microsoft nao wakaweka udhibiti wa taa ndani ya Windows 11, kwa vifaa vinavyokubali.

Mkanda wa pili niliufunga na fundi akinitazama. Pini tatu, volti tano. Mshale uliochorwa kwenye mkanda uelekee mbali na bodi, maana ujumbe hauendi kinyume. Na hesabu: taa moja ikiwaka nyeupe kamili inaweza kula miliampea 60, kwa hiyo 60 zinafika ampea 3.6, na pini za bodi nyingi huvumilia ampea tatu tu. Ukizidisha, tafuta kidhibiti chenye waya wake wa moja kwa moja kutoka pawa saplai. Uliwaka. Nilikaa nao gizani saa nzima kama mtoto.

Baada ya miezi kadhaa, taa ya kumi na mbili ilikufa, na zote zilizokuwa nyuma yake zikazima nayo, ingawa zenyewe zilikuwa nzima. Ujumbe ulikuwa umekwama pale. Fundi aliikata ile moja, akaunganisha nyaya kwa risasi, na zilizobaki zikaamka.

Krismasi nilipokwenda kwa Susu, nilimwonyesha video ya ile mashine kwenye simu, rangi zikikimbia kutoka feni hadi feni. Hakuuliza inafanya kazi gani wala ilinigharimu pesa ngapi. Aliangalia mpaka mwisho, balbu yake ya ukutani ikiwaka juu yetu, halafu akauliza, "Na ile ya mwisho kabisa, inapata?"

Nikamwambia inapata, Susu. Akasema basi ni vizuri, akanituma nikazime taa ya jikoni, tokeni zisiishe.